Naomba ushauri: tuendelee na Eternal Love baada ya Su Su kutolewa macho, au tuishie hapa?

Binti Mwalimu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo, lakini hapa nyumbani limetugawa kwa siku ya nne sasa. Mimi na mama yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, tumekuwa tukitazama Eternal Love, tamthilia ya Kichina ya mwaka 2017 yenye sehemu 58, ambamo Yang Mi ni Bai Qian, binti wa mfalme wa mbweha wenye mikia tisa wa Qingqiu, na Mark Chao ni Ye Hua, mrithi wa kiti cha enzi cha mbinguni. Mama alianza kuzipenda tamthilia za China mwaka 2011, TBC ilipoonyesha ile ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili. Hii ya sasa tunayo kwa Kichina, kwa hiyo mimi husoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo na kumsimulia, huku yeye akichambua mchele wa kesho.

Sehemu za mwanzo, Bai Qian alipokuwa amejifanya mwanafunzi wa kiume aitwaye Si Yin kule mlima Kunlun, mama alizifurahia sana. Alizifurahia pia siku za Su Su, yaani Bai Qian aliyepoteza nguvu na kumbukumbu akawa mwanamke wa kawaida mlimani Junji, akamwokoa Ye Hua na kuolewa naye. Tatizo ni huko mbinguni alikopelekwa. Su Jin, mwanamke wa huko mbinguni anayemtamani Ye Hua, anajirusha mwenyewe kutoka kwenye jukwaa la Zhuxian, anamsingizia Su Su kwamba ndiye aliyemsukuma, na hukumu inapotoka, Ye Hua anayatoa macho ya mke wake mjamzito kwa mkono wake mwenyewe, nayo anapewa Su Jin. Su Su alipojifungua akajirusha kutoka kwenye jukwaa lile lile, mama aliniambia nizime televisheni. Maneno yake yalikuwa haya: “Sehemu zilizobaki ni nyingi kuliko tulizotazama, na zote ni za kunibembeleza nimpende huyu mwanamume. Sitaki.”

Ninayo maswali mawili. Kwanza, je, kosa la Ye Hua linakabiliwa kweli huko mbele, au linafunikwa kwa maua ya mipichi na muziki mtamu? Pili, mama ni mtu wa ibada na hukunja uso kila ninaposema “miungu”. Ninyi mnaotafsiria wazazi wenu mnatumia neno gani? Mkifichua yaliyo mbele sitakasirika, kwa kuwa nahitaji kuyajua ili nimshawishi, au nikubali yaishe.

Mzee wa Qingqiu

Dada, pole, na umfikishie mama salamu zangu za shikamoo. Nimeitazama tamthilia hii mara tatu, na kila mara usiku ule wa macho huniacha na kinyongo, kwa hiyo mama hajakosea kukasirika. Hata hivyo, akiacha hapo atakuwa amesikia mashtaka bila kusikia kesi.

Ye Hua alikuwa amekwisha kujaribu kuukimbia urithi wake kwa kujifanya amefia vitani, ili akaishi na Su Su mlimani kama mtu wa kawaida, na hila hiyo ikashindikana. Baada ya hapo alijionyesha baridi mbele ya watu, kwa hofu kwamba babu yake, Bwana wa Mbinguni, akigundua jinsi anavyompenda mwanamke asiye na cheo wala ukoo, atamwangamiza mara moja. Sisemi haya kumtetea. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya asimwambie mkewe neno hata moja, na mwanamke aliyefichwa ukweli hawezi kujua kwamba ukimya ule ni ulinzi. Su Su aliporuka, Ye Hua alijirusha nyuma yake, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa.

Sasa sikiliza kinachofuata. Kuanguka kule kunamrudishia Bai Qian nguvu na jina lake, naye anaomba dawa kwa Zhe Yan, yule mzee wa msitu wa mipichi apikaye mvinyo, ili asahau yote. Miaka 300 inapita. Anakutana tena na Ye Hua na mtoto wao A-Li akiwa hawakumbuki, mwenye furaha na mizaha, akijiita bibi kizee mbele ya kijana, kwa sababu yeye ana miaka 140,000 na bwana huyo ana 50,000 tu. Kwa muda mrefu Ye Hua ndiye peke yake anayeubeba msiba wao wa zamani, akicheka na mwanamke ambaye siku akikumbuka atamchukia. Kwangu mimi hiyo ndiyo adhabu ambayo mwandishi aliikusudia, na ni kali kuliko radi.

Na kumbukumbu zinarudi. Taa ya kukusanyia roho inavunjika, na maisha ya Su Su yanamrudia Bai Qian yote kwa mkupuo. Hamkimbilii Ye Hua kulia kifuani pake. Anamwendea Su Jin na kuyachukua macho yake mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mahakama yoyote ya mbinguni. Kisha anajifungia kwao Qingqiu, na mrithi wa mbingu anasimama nje ya bonde akisubiri huku akikataliwa kuonwa. Mwambie mama avumilie hadi hapo. Mwisho wenyewe siusemi.

Sina Subira

Namheshimu Mzee wa Qingqiu, lakini nakubaliana na mama. Nilimaliza sehemu zote 58 na jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba kosa halikabiliwi, bali linalipiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ye Hua anakwenda Yingzhou, anapigana na wanyama wakali wanne wanaolinda mmea wa tiba, anaupoteza mkono wake wa kulia, anatumia nguvu zake kutengeneza dawa ya kumponya Mo Yuan, yule bwana aliyemfundisha Bai Qian kule Kunlun, yote haya kimya kimya, na sisi watazamaji tunalia na kumsamehe. Lakini kilichomuumiza Su Su tangu mwanzo kilikuwa kimya chenyewe! Mtu aliyemwangusha mwenzake kwa kutosema anajisafisha kwa matendo mengine ya kutosema. Ningempa alama nyingi zaidi kama angeketi naye siku moja tu akasema, “Nilikuficha jambo hili kwa sababu hii.”

Kama mama anapenda hadithi za mbinguni, mjaribu Love Between Fairy and Devil ya mwaka 2022. Ina sehemu 36 tu, kwa sababu mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilihimiza tamthilia zisizidi sehemu 40. Humo Dongfang Qingcang, anayeigizwa na Dylan Wang, amefungwa kwa apizo na yule msichana wa maua, Xiao Lanhua, kiasi kwamba kila maumivu ya msichana huyo anayasikia mwilini mwake. Mwanamume huyo hana namna ya kujifanya hajui kwamba mwenzake anateseka. Angalizo dogo: usimchanganye na Qing Cang, adui wa kwenye Eternal Love, maana majina yanafanana na mimi nilichanganyikiwa wiki nzima.

Panga Mbili

Niongeze moja tu kwa wanaume wenzangu watakaopita hapa wakidhani ni picha ya mapigano. Mapanga yapo na vita dhidi ya Qing Cang inavutia, lakini kwa sehemu kubwa watu wanaruka kwa waya na kurushiana mianga ya kompyuta. Anayetaka upanga kwa upanga, ardhini, atafute hadithi za wuxia, za mashujaa wa kibinadamu. Hii ni xianxia, hadithi za watu wa mbinguni wenye nguvu za ajabu.

Muridi wa Mji Mkongwe

Nitalijibu swali la pili, ambalo wenzangu wameliruka, na naona ndilo linalolibeba hata la kwanza.

Ndugu yangu, neno “miungu” linamkera mama yako kwa haki, na kwa sehemu kubwa halimfai hata Mchina. Herufi *xian* iliyomo kwenye jina xianxia humtaja yule aliyevuka mauti kwa kujinoa, kwa mazoezi ya mwili na roho ya miaka mingi, kama wanavyosimulia watu wa dini ya Dao. Haabudiwi kwa kuwa ameumba kitu. Amepanda cheo, na anaweza kushuka. Bai Qian anakuwa *shangxian* kwanza, kisha *shangshen*. Mimi huwaambia wazee wangu “watukufu wa mbinguni”, na wale wa juu kabisa “watukufu wakuu”, na hakuna aliyewahi kulalamika. Jaribio langu la kuwaita majini lilishindwa: bibi yangu alianza kusoma dua kila Mo Yuan alipotokea, ingawa hadithi zetu wenyewe zimejaa masultani wa majini wanaooa binti za watu.

Kwa *shifu*, usiseme “mwalimu” peke yake, kwani mwalimu wa darasani hafi kwa ajili ya mwanafunzi wala mwanafunzi hampi damu ya moyo wake. Pwani tunalo jambo linalokaribia: sheikh na muridi wake. Ukimweleza mama kwamba Si Yin alikuwa muridi wa Mo Yuan, ataelewa kwa nini, sheikh alipokufa akimfunga yule adui, Qing Cang, ndani ya kengele, muridi aliuhifadhi mwili wake kwa damu ya moyo kwa miaka 70,000, na kwa nini Ye Hua anauona uhusiano huo kwa jicho la wivu bila kuwa na haki ya kuulalamikia.

Neno kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni *jie*. Maandishi ya Kiingereza hulitafsiri vibaya, na ukiyafuata utasema “dhiki” au “maafa”. Kiswahili kinalo neno lake tayari, nalo ni mtihani. Yule tunayemwambia “huo ni mtihani, mwenzangu” hatumaanishi karatasi na kalamu. Katika ulimwengu huu kila anayepanda cheo lazima apite mtihani wake. Si Yin alipopaswa kupigwa radi tatu ili awe *shangxian*, Mo Yuan alizipokea yeye kwa mgongo wake. Basi tazama: maisha yote ya Su Su, ndoa, macho, jukwaa, ndiyo mtihani uliomfanya Bai Qian awe *shangshen*, na safari hii hapakuwa na sheikh wa kumkinga. Mweleze mama hivyo, kisha mwulize tena kama anataka kuzima.

Sina Subira

Muridi, maelezo yako ni mazuri kiasi kwamba karibu yanibadilishe, lakini kubali hili: mtihani kuwa umeandikwa hakuusafishi mkono wa aliyeshika kisu. Ye Hua hakujua kwamba yule ni Bai Qian wala kwamba atapanda cheo. Yeye alimtoa macho mwanamke mjamzito asiye na mtu, basi.

Muridi wa Mji Mkongwe

Nakubali. Ndiyo maana nikasema ni mtihani wa Bai Qian. Wa Ye Hua ulikuja baadaye, na sina hakika kwamba aliufaulu.

Mama Pacha

Binti Mwalimu, mwanangu, mimi si mtaalamu wa Kichina, ila nimewatafsiria watoto wangu na mama mkwe wangu tamthilia nyingi za namna hii. Usimtafsirie mama kila neno. Chagua. Kuna jambo moja ambalo nina hakika litamrudisha kwenye kiti. Kumbuka kwamba Bai Qian alikuwa ameposwa na Sang Ji, ambaye ni ami yake Ye Hua, na Sang Ji akamwacha kwa ajili ya mtumishi wa Bai Qian mwenyewe, Shao Xin. Ili kuifuta aibu ile, Bwana wa Mbinguni akaamua kwamba Bai Qian ataolewa na yeyote atakayekuwa mrithi. Maana yake ni kwamba huyo “mwanamke asiye na ukoo” waliyemdharau na kumtoa macho ndiye mchumba halali wa mrithi, aliyeposwa rasmi, na ukoo wao wote ulikuwa ukimsubiri aje na heshima zake. Mama mkwe wangu aliposikia hivyo alipiga kofi na kusema hakosi hata sehemu moja hadi awaone wanavyoaibika.

Binti Mwalimu

Wapendwa, asanteni, nanyi wazee wangu shikamooni. Nimemsomea mama majibu yenu yote, pamoja na ya Sina Subira, ambayo ameyataka yarudiwe. Kwenye neno “mtihani” alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani aliyemlea A-Li kwa miaka 300 bila mama. Nilipomwambia kwamba ni baba yake, akasema haya, washa, lakini asinione nikimtetea.

Jana tumefika kwenye kasri la kioo la Bahari ya Mashariki, A-Li alipomng'ang'ania Bai Qian akimwita mama naye akashangaa. Mama hakunisubiri nitafsiri. Ye Hua anaitwa “yule” hadi atakapopewa jina tena, na Su Jin ana jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Limebaki ombi moja, na ni lake. Anaomba Mzee wa Qingqiu amwambie taa inavunjika kwenye sehemu ya ngapi, kwa sababu siku hiyo anataka chakula kiwe kimeiva mapema, simu zizimwe, na asiwepo mgeni yeyote atakayemuuliza habari za shamba wakati Su Jin anadaiwa macho.