Tupeane uzoefu: unasafishaje alamisho zilizojaa kwenye kivinjari?

Wakuu, habari za jioni.

Kuhifadhi ukurasa kama alamisho (bookmark) ni kubonyeza nyota tu, au Ctrl+D. Kufuta ndiko kunakotushinda. Kompyuta nyingi za ofisini kwetu zina tangazo la kazi lililofungwa zamani, fomu ya mkopo ya mtoto aliyekwisha kuhitimu, ukurasa uleule umehifadhiwa mara tatu. Nikikaa na wenzangu kusafisha, naona si uvivu. Watu wanaogopa kufuta kitu watakachokihitaji kesho.

Kwa hiyo mimi naanza na nakala. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+O, nenda kwenye vidoti vitatu vya juu kulia vya ukurasa huo, hamisha alamisho zote ziwe faili la HTML, liweke kwenye flashi. Faili hilo linafunguka kwenye kivinjari chochote. Baada ya hapo shikilia Ctrl, chagua unazotaka kuondoa, bonyeza Delete. Ukijutia papo hapo, Ctrl+Z inazirudisha.

Nyie mnafanyaje?

*

Mwalimu, Singida: Matokeo ya NECTA ya kila mwaka yana anwani yake, kwa hiyo ukurasa wa mwaka juzi hausaidii mwaka huu. Nabaki na ukurasa wa mwanzo wa NECTA tu. Vingine naweka kwenye folda ya darasa husika. Wakimaliza shule, nafuta folda nzima.

*

Mwenye steshenari, Mbeya: Wenye mashine za biashara, kuweni makini sana hapa. Mteja alikuja kuomba chuo, akaingia na akaunti yake kwenye Chrome, akawasha usawazishaji (sync, unaolinganisha alamisho za vifaa vyake vyote), akaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Alamisho zake zote zikashuka kwenye mashine: benki, kanisa, kliniki ya mama yake. Kijana wangu akataka kuzifuta moja moja, nikamshika mkono. Usawazishaji ukiwa umewashwa, ukifuta hapa zinafutika mpaka kwenye simu yake huko nyumbani! Unachofuta ni wasifu wake wa Chrome (profile) kwenye hiyo kompyuta. Zake zinabaki salama kwenye akaunti yake, na mteja anayefuata hazioni. Siku hizi wateja nawafungulia dirisha la wageni (Guest). Likifungwa, historia ya mteja haibaki.

*

Mwandishi wa habari, Nairobi: Mimi ni wa Firefox. Inajiwekea nakala za alamisho yenyewe, unazirudisha kwa kuchagua tarehe. Pia inakubali lebo, kwa hivyo ukurasa mmoja unaweza kuwa wa "ardhi" na wa "mahakama" bila kuuhifadhi mara mbili. Kabla ya kufuta kiungo kilichokufa, mimi hukitafuta kwanza kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani. Nikikipata huko, nahifadhi anwani ya nakala ile. Stori ya zamani ikipotea, ushahidi wako umepotea nayo.

*

Mhasibu, Dar: Kwa zinazojirudia, Edge ina kitufe chake cha kuondoa nakala za ziada. Chrome haina.

*

Mwanafunzi, Dodoma: Napinga kidogo. Kwa nini tufute? Mimi wakati wa kuhifadhi nabadilisha jina, naandika maneno nitakayoyakumbuka, mfano "fomu ya field mwaka wa pili". Nikiandika "field" kwenye sehemu ya anwani, inakuja. Zikae hata elfu.

*

Mleta mada: Hilo la kubadilisha jina nimelichukua, mkuu, majina mengi ya kurasa hayaeleweki. Ila zikae elfu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwa mashine ya ofisi, anayekuja baada yako anarithi kiungo cha fomu ya zamani, anaijaza, anakuja kurudishwa kaunta. Hiyo nimeiona, na anayeumia ni mwananchi.

Kwa simu za Android: gandamiza alamisho moja kwa muda, gusa nyingine, kisha futa. Neno la kutendua linatokea chini sekunde chache tu, liwahi.

Wenye iPhone, tuelezeni ya Safari hatua kwa hatua. Kuna mama hapa ofisini anasubiri.