Sheria za mbwa kwenye bustani za London: faini ni pauni 100 au 1,000?

Binti_Pemba

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba msaada wa anayezijua sheria za mbwa za England. Mwezi ujao naanza kazi ya kutembeza mbwa wa watu hapa London. Ni mbwa wanne, asubuhi na jioni, kwenye bustani kubwa ambayo nusu iko halmashauri hii na nusu iko halmashauri jirani. Getini kuna bango limeandikwa PSPO, lina picha ya mbwa mwenye kamba, na chini yake faini ya pauni 100. Jirani ananiambia faini ni pauni 1,000. Kipi cha kuamini? Nitajuaje wapi mbwa lazima awe na kamba na wapi naweza kumwachia? Mbwa wanne kwa mtu mmoja inaruhusiwa? Halafu kile kibati cha shingoni, niandike jina langu au la mwenye mbwa? Wote wana chipu ya utambulisho chini ya ngozi tayari. Natanguliza shukrani.

Mzee_Kanuni

Dada, bango na jirani wako wote wako sahihi, ila kila mmoja anazungumzia hatua yake.

PSPO ni amri ya kulinda maeneo ya umma. Halmashauri zilipewa uwezo wa kuiweka na sheria ya bunge ya mwaka 2014 kuhusu kero na uhalifu, inayotumika England na Wales. Ukivunja amri hiyo umefanya kosa la jinai, na ukifikishwa Mahakama ya Mahakimu unaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Hiyo ndiyo ya jirani. Kabla ya kufika huko, afisa aliyeidhinishwa anaweza kukupa notisi ya faini, na sheria ile ya 2014 iliweka ukomo wake kuwa pauni 100. Ukilipa ndani ya siku 14, jambo limeishia hapo, hushtakiwi. Halmashauri nyingine hupunguza kiasi kwa anayelipa mapema. Muswada uliofikishwa bungeni mwaka 2025 ulitaka ukomo huo upandishwe hadi pauni 500, kwa hiyo siku ukipewa notisi soma kiasi na tarehe zilizoandikwa humo, usitegemee bango la zamani.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotozwa: bango ni tangazo tu. Kinachokubana ni hati ya amri pamoja na ramani zilizoambatishwa mwishoni mwake. Ingia tovuti ya halmashauri, tafuta PSPO na neno mbwa kwa Kiingereza, pakua hati iliyosainiwa na kupigwa muhuri. Angalia kwanza tarehe. Amri hudumu kwa muda usiozidi miaka 3 mpaka iongezwe upya, na bango la amri iliyokwisha muda linaweza kubaki getini likipigwa jua. Likitokea kinyume chake, amri mpya ipo na bango bado la zamani, usijipe moyo kwamba utasamehewa. Halmashauri inatakiwa kuweka mabango ya kutosha, lakini kubishana kwamba hayakutosha ni kazi ya mahakamani.

Ndani ya hati utakuta makatazo ya aina tofauti, na kila moja lina eneo lake. La kinyesi kwa kawaida linahusu karibu kila mahali penye watu, hadi vichochoro na maegesho ya magari. Kisheria mahali pa umma ni popote umma unapoingia, kwa haki au kwa ruhusa, kwa kulipia au bure, kwa hiyo usidhani uwanja wa duka kubwa umeachwa nje kwa kuwa ni mali ya mtu. Lipo la kufunga kamba wakati wote, ambalo mara nyingi ni makaburini, kwenye njia za kando ya barabara na bustani za maua. Lipo la mbwa kutoingia kabisa, kama viwanja vya watoto vilivyozungushiwa uzio, viwanja vya michezo na, kwa miji ya pwani, sehemu za ufukwe kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba. Mwisho kuna la kufunga kamba ukiagizwa, na hili watu hawalielewi. Mahali hapo mbwa anaruhusiwa kuwa huru, lakini afisa akikuambia mfunge, unamfunga palepale. Kosa linaanzia kwenye kukataa.

Soma pia maana ya kamba iliyotolewa na hati. Baadhi ya amri zinataka isizidi mita 2, nyingine mita 1.5. Ile kamba ya kujivuta yenyewe inaweza kufika mita 5 au 8, na mbwa aliye umbali huo anaweza kuhesabiwa kwamba hana kamba. Ukiitumia, bonyeza kifungio chake na uihakikishe imekaza.

Kuhusu bustani yako: halmashauri mbili, hati mbili. London ina halmashauri 32 pamoja na Jiji la London lenyewe, na hakuna inayolazimika kufanana na mwenzake. Mstari wa mpaka hauonekani kwenye nyasi, kwa hiyo zichukue ramani zote mbili, tafuta alama isiyohama kama daraja, kijito au njia ya lami, uitumie kama mpaka wako. Njia nyepesi zaidi ni kufuata kanuni kali kati ya hizo mbili kwenye bustani nzima. Na hakikisha kwanza nani anasimamia ardhi. Hampstead Heath na Epping Forest ziko chini ya Jiji la London, Hyde Park na Richmond Park ziko chini ya Royal Parks, taasisi ya bustani za kifalme yenye kanuni zake. Hati ya halmashauri haitakutosha huko.

Idadi ya mbwa haijawekwa na sheria ya nchi nzima. Amri nyingi zinaweka 4 au 6 kwa mtu mmoja, nyingine hazisemi kitu. Kwako 4 huenda ikawa ndiyo kikomo, maana yake huwezi kuongeza mbwa wa tano hata kwa nusu saa ya kumsaidia mteja. Zipo pia halmashauri zinazotaka anayetembeza mbwa kwa malipo awe na leseni ya kutumia bustani zake. Waandikie idara ya bustani kwa barua pepe, pande zote mbili, na uhifadhi jibu.

Dkt_Mifugo

Mzee_Kanuni kaeleza vizuri. Mimi niongeze upande wa kinyesi, maana ndiko faini nyingi zinakoanzia na ndiko afya za watoto zinakoguswa.

Amri hizi huandikwa kwa maneno yanayofanana karibu kila mahali: kutojua kwamba mbwa amejisaidia si udhuru, na kukosa mfuko si udhuru. Ukiwa na mbwa wanne hilo ni tatizo la kweli. Mmoja anachutama nyuma, watatu wanavuta mbele, wewe umeangalia mbele. Dakika kumi na tano za mwanzo, wakati mbwa wengi wanajisaidia, tembea nao wote kwenye kamba, polepole, ukiwa umewaweka ubavuni na si nyuma yako. Mmoja akianza kuzunguka-zunguka na kunusa sehemu moja, simama. Kamba za wengine zipitishe kwenye ndoano ya mkanda wa kiunoni ili mkono mmoja ubaki huru. Vaa mfuko mkononi kama glavu, okota, ugeuze nje ndani, funga fundo. Mbwa akiharisha, kwangua kadiri uwezavyo pamoja na majani yaliyochafuka, kisha mwagia maji. Beba mifuko isiyopungua 10 kwa mbwa wanne.

Baadhi ya halmashauri zinataka uonyeshe mfuko afisa akikuuliza, hata kama mbwa hajajisaidia. Kwa hiyo usitumie wa mwisho ukabaki mikono mitupu. Kutupa kwenye pipa la kinyesi au pipa la kawaida la taka kunatosha. Kuufunga mfuko ukauacha kando ya njia, au kuutundika kwenye tawi ukisema utauchukua ukirudi, hakuhesabiwi kuwa umeondoa.

Sababu ya ukali huu ni mnyoo anayeitwa Toxocara. Mayai yake yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo, yanahitaji wiki kadhaa kukomaa udongoni, kisha yanaweza kukaa hapo kwa miaka. Kinyesi kikishasambaratika na mvua hakuna tena cha kuokota, ila mayai yapo. Mtoto akicheza hapo na kutia mkono mdomoni, minyoo michanga inaweza kusafiri mwilini hadi kwenye jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Ndiyo maana okota palepale, kila mara, na waulize wateja wako kama mbwa wao wanapewa dawa ya minyoo. Kila miezi 3 ni utaratibu wa kawaida.

Mbwa msaidizi, kama wa mtu asiyeona, amri nyingi zinamsamehe. Msamaha huo ni wa yule anayemtegemea. Wewe ukimtembeza mbwa huyo kwa malipo, okota kama kawaida.

Salim_Kola

Kibati: jina la mwenye mbwa na anwani yake, si lako. Amri ya udhibiti wa mbwa ya mwaka 1992 inataka mbwa aliye barabarani au mahali pa umma awe na kola yenye jina na anwani ya mwenye mbwa, iliyoandikwa kwenye kola yenyewe au kwenye kibati. Jina la ukoo, namba ya nyumba na postikodi vinaenea hata kwenye kibati kidogo. Namba ya simu sheria haiilazimishi, lakini iweke, kwa sababu ndiyo itakayomrudisha mbwa haraka. Jina la mbwa liache.

Chipu haichukui nafasi ya kibati. Hizo ni sheria mbili tofauti. Chipu ni lazima England tangu tarehe 6 Aprili 2016 kwa mbwa aliyefikisha wiki 8, na taarifa zake ziwe za sasa. Kasoro inayojirudia ni mwenye mbwa kuhama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye kanzidata, hapo faini inaweza kufika pauni 500. Kabla hujamchukua mbwa, mwombe mteja namba ya chipu na jina la kanzidata aliyosajiliwa. Na kama kibati kimening'inia kwenye hanesi tu, yaani mikanda ya kifuani, mwambie anunue kola.

Binti_Pemba

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga mkubwa. Nimeipata hati ya halmashauri moja na kweli kikomo ni mbwa 4. Mawili yamebaki: afisa akinisimamisha na mimi naamini sijakosea, nifanye nini? Na mbwa akichomoka akapotea?

Mzee_Kanuni

Toa jina na anwani yako ya kweli kwa utulivu, omba kuona kitambulisho chake. Maafisa wengine ni wa kampuni iliyopewa kazi na halmashauri, na wakiidhinishwa wana uwezo uleule. Piga picha pale ulipo, mbwa na kamba zao, bango la karibu kama lipo, na uandike saa. Notisi lazima ieleze kosa lenyewe kwa kutosha, kiasi, siku 14 na mahali pa kulipia.

Notisi hii si kama tiketi ya maegesho, haina baraza la rufaa lililowekwa kisheria. Unaweza kuiandikia halmashauri ndani ya siku hizo ukiambatisha picha na ukitaja kifungu cha amri na ramani, na nyingi hupokea maelezo hayo. Wakikataa, unachagua kulipa au kuacha kesi iende kwa hakimu. Huko unaweza kujitetea kwamba ulikuwa na sababu ya msingi, au kwamba sehemu ile haimo kwenye ramani. Kuipinga amri yenyewe ni jambo jingine: hiyo ni Mahakama Kuu, ndani ya wiki 6 tangu iwekwe au ibadilishwe, na afanye hivyo mtu anayeishi, anayefanya kazi mara kwa mara au anayetembelea eneo hilo.

Salim_Kola

Mbwa akipotea usiwapigie polisi kwanza, mbwa waliopotea si kazi yao England tangu 2008. Mpigie mwenye mbwa, halafu ofisi ya mbwa ya halmashauri zote mbili, kwa sababu hujui kakimbilia upande gani. Mwenye mbwa atoe taarifa kwenye kanzidata ya chipu siku hiyohiyo. Halmashauri ikimkamata inamshikilia siku 7, kisha ina haki ya kumpa au kumuuzia mtu mwingine, au hata kumuua. Kumtoa kuna pauni 25 za kisheria na juu yake gharama za banda kwa kila siku. Kubalianeni kwa maandishi mapema nani analipa.

Dkt_Mifugo

Dada, hapo kwenye kuchomoka kuna zito kuliko kupotea. Sheria ya mbwa hatari ya 1991 inamhusu mbwa wa aina yoyote: akimfanya mtu awe na sababu ya kuhofia kwamba atamjeruhi, tayari ni kosa, hata kama hajamgusa. Na anayewajibika ni pamoja na aliyemshika wakati huo, yaani wewe. Akijeruhi mtu, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Watu wengi, wakiwemo majirani zetu Waswahili, hawapendi kabisa kuguswa na mbwa, kwa hiyo ukiona mtu anasita njiani, fupisha kamba na umpishe. Chukua bima ya madhara kwa watu wengine kabla ya siku ya kwanza.

Na mteja akikuletea mbwa mkubwa mwenye misuli na kichwa kipana, uliza kama ni wa aina ya XL Bully. Tangu tarehe 1 Februari 2024 haruhusiwi kumilikiwa England bila cheti cha msamaha, na mahali pa umma lazima awe na kamba pamoja na kifunga mdomo, mkononi mwa mtu aliyefikisha miaka 16. Hakuna bustani inayompa ruhusa ya kuachiwa, ramani iseme itakavyosema. Kama hujakiona cheti kwa macho yako, usiishike kamba yake.