Naombeni ushauri: mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, kituo cha ushauri nasaha kimetupa majina manne, tumpeleke kwa nani?

Dada wa Tandika:

Habari za humu wakuu. Naandika nikiwa nimechoka kuwaza, naombeni mnisomee hadi mwisho.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 24, dereva wa bodaboda. Aligongwa na lori Barabara ya Kilwa, pale Mtoni, akiwa amembeba abiria. Yeye alivunjika mkono. Abiria wake, mama wa makamo, alifariki palepale. Polisi walishamaliza upande wao na kosa likaonekana ni la lori. Mkono umeunga. Kilichobaki ndicho kinachonitisha.

Usiku halali. Akipitiwa na usingizi anashtuka anapiga kelele, jasho linamtoka. Akisikia honi ya lori mwili unamtetemeka hata kama yuko ndani anakula. Mjomba wetu anakaa Mbagala na zamani ilikuwa haipiti wiki bila kwenda huko. Sasa haendi kabisa kwa sababu lazima apite Mtoni. Pikipiki ameifunika turubai uani. Kijiweni hakanyagi. Anajinunulia vidonge vya usingizi duka la dawa. Na kila mara anarudia neno moja, "mimi ndiye niliyembeba". Imeshapita zaidi ya miezi miwili.

Jirani akatuelekeza kituo cha ushauri nasaha cha jamii, malipo yao tunayamudu. Pale mapokezi walinipa karatasi yenye maelezo ya washauri wao wakasema tuchague wenyewe:

Wa kwanza ni dada, mwanasaikolojia tiba, shahada ya uzamili kutoka MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Wameandika anatumia tiba ya fikra na tabia, na anashughulika na athari za matukio ya kutisha.

Wa pili ni kaka aliyesoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Anatumia mfumo wa familia.

Wa tatu ni mama, nesi mstaafu, alianza ushauri nasaha wa VVU mwaka 2002. Unasihi unaomlenga mteja.

Wa nne ni mchungaji mwenye diploma ya unasihi. Ndoa, misiba, na mambo ya kiroho. Huyu ndiye anayesifiwa zaidi mtaani.

Sisi ni Waislamu na mama anataka kwanza asomewe kisomo. Mdogo wangu mwenyewe amesema hawezi kumfungukia mwanamke, na hataki mtu yeyote anayefahamiana na watu wa mtaani kwetu. Mimi sijui hata hayo maneno ya kwenye karatasi yana maana gani kwa mgonjwa wangu. Nisaidieni.

Fundi Chuma:

Pole sana dada. Kwa maoni yangu mpe muda tu. Sisi wanaume mambo haya yanapita yenyewe, muhimu apate kazi nyingine ya kumshughulisha. Akikaa ndani lazima awaze.

Nesi wa Zamu:

Fundi Chuma, wiki za mwanzo ningekubaliana na wewe. Watu wengi waliopatwa na ajali kubwa huwa hivyo siku za mwanzo, kisha hali inatulia yenyewe wakipata watu wa kuwa nao karibu. Lakini mwezi ukipita na bado mtu anaota ajali ileile, anakwepa njia na kushtuka na kila sauti, hapo muda peke yake hautoshi. Huyu kijana ameshavuka hapo.

Dada, kabla ya kuchagua mshauri kuna mambo mawili ya haraka. Kwanza hivyo vidonge. Angalia jina kwenye pakiti. Kama ni diazepam au ndugu zake, mwili unavizoea haraka, na mtu aliyevitumia kila siku kwa wiki nyingi haachi ghafla, anapunguziwa na daktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema mtu mzima anayekosa usingizi asipewe dawa za kundi hilo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Inaniuma sana kuona vijana wetu wanauziwa dirishani kama pipi.

Pili, na hili naomba ulifanye leo. Kaa naye peke yenu, umuulize wazi kama kuna wakati anatamani kufa au amefikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Akijibu ndiyo, achana na karatasi ya kituo, mpelekeni hospitali ya Temeke au Muhimbili siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Dada wa Tandika:

Asante dada nesi. Nimemuuliza usiku huu. Amesema hatamani kufa, anatamani tu kulala. Pakiti nimeipata chini ya godoro, ni hizo hizo ulizotaja. Anasema si kila siku, ni akizidiwa.

Kipanga wa Sinza:

Nasoma saikolojia, mwaka wa mwisho, kwa hiyo sijawa mtaalamu. Ila hayo maneno ya kwenye karatasi naweza kukufafanulia.

Unasihi unaomlenga mteja ulianzishwa na Carl Rogers, Mmarekani, miaka ya 1940. Mshauri hakupangii la kufanya. Anakusikiliza kwa dhati, hakuhukumu, anakurudishia maneno yako mpaka unajiona mwenyewe ulipo. Kwa mtu aliyebeba siri au aibu ni tiba kubwa. Nikisoma kwamba huyo mama nesi alianza mwaka 2002 namheshimu sana, maana dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Ina maana alikaa na watu akiwapa majibu wakati hana dawa ya kuwaonyesha. Mtu wa hivyo anajua kusikiliza.

Mfumo wa familia unaangalia nyumba nzima: nani anamsema nani, nani anambebea nani mzigo. Salvador Minuchin alijenga sehemu ya kazi hiyo akiwa na familia maskini za New York. Unafaa pale ambapo mgonjwa ni mmoja ila kinachomuumiza kiko baina yao.

Tiba ya fikra na tabia ilitokana na Aaron Beck miaka ya 1960, akiwatibu watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ndani yake kuna tawi la watu waliopatwa na matukio ya kutisha, na hapo ndipo mdogo wako alipo. Mshauri anafanya naye kazi mbili. Ya kwanza ni lile neno lake, "mimi ndiye niliyembeba". Watalichunguza pamoja: lori lilitoka wapi, alikuwa na nafasi gani ya kukwepa, kipi kilikuwa mkononi mwake na kipi hakikuwa. Ya pili ni kuyarudia polepole yale anayoyakwepa. Anaanza na jepesi, pengine kutoa turubai tu, na mwisho kabisa ndiyo Mtoni. Hatua zote anazikubali yeye. Kwa kawaida inachukua vikao nane hadi kumi na mbili hivi, na kati ya kikao na kikao kuna kazi ya nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba hii kwa hali kama yake, pamoja na nyingine inayotumia miondoko ya macho, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987. Kwa hiyo mimi namchagua wa kwanza.

Mzawa wa Ilala:

Msimdharau huyo nesi mstaafu kwa kuwa hana shahada ya saikolojia. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare wakae na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha watu wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi wale!

Kipanga wa Sinza:

Kweli kabisa mkuu, na nakubali hoja yako. Ila tazama na upande huu: bibi wale walifundishwa njia moja inayoeleweka, wana wasimamizi, na mgonjwa akiwazidi wanajua wampeleke kwa nani. Ndiyo maana dada, yeyote utakayemchagua, muulize: umeshawahi kuwahudumia watu wa ajali, na unafanyaje nao? Nani anakusimamia? Ukiona amekuzidi unampeleka wapi? Mshauri mzuri hachukii maswali haya. Akichukia, umeshapata jibu.

Ustaadh wa Buguruni:

Assalamu alaykum. Dada, mwambie mama kisomo na mshauri havigombani. Mtume, rehma na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu. Asomewe jioni nyumbani, na asubuhi aende kituoni. Ninachoomba ni kimoja: mtu asije akamwambia kijana ana jini kwa kuwa anashtuka usiku. Nimeona vijana wawili wakipigwa kwa jina la kutolewa jini na walikuwa na majonzi tu.

Halafu, je, amewahi kwenda kuwapa pole wafiwa? Inawezekana anaogopa nyuso zao. Msimlazimishe. Lakini akiwa tayari, mzee wa familia na imamu waende naye. Wakati mwingine neno la mfiwa, "mwanangu, ilikuwa siku yake", linafungua kifua ambacho sisi wengine tumeshindwa kukifungua.

Kuhusu mchungaji sina neno baya, wengi ni watu wa huruma na amesomea unasihi. Muulize tu kama mtu wa dini nyingine akija kwake anamwombea au anamsikiliza. Ana haki ya kujibu na nyie mna haki ya kujua.

Dada wa Tandika:

Ustaadh umenitoa machozi. Hajaenda kwa wafiwa. Kila tukilitaja anatoka nje.

Kipanga wa Sinza:

Hilo likae ndani ya mpango wa mshauri, dada. Ustaadh amesema kweli, ila likifanyika mapema linaweza kumrudisha nyuma.

Mkongwe wa Kijiwe:

Nimeendesha boda miaka mingi, Gongo la Mboto. Yamenikuta kama ya mdogo wako, tofauti abiria wangu alipona ila mguu ulikatwa.

Na mimi nilisema siongei na mwanamke. Nikapewa mwanamume, mtu mzima, na kikao cha kwanza tu akaniambia nimweleze ajali yote mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu, ati nitoe sumu. Nikatoka pale mbaya kuliko nilivyoingia, sikurudi. Baadaye ndugu yangu akanipeleka kwingine, mshauri dada mdogo tu. Huyo hakuniuliza ajali siku ya kwanza. Aliniuliza nalalaje, nakula nini, nani yuko nyumbani. Akanifundisha kupumua na kuangalia vitu vilivyo mbele yangu pale moyo unapoanza kwenda mbio. Ajali tulifika baada ya muda, na niliamua mimi. Kwa hiyo suala la mwanamke au mwanamume lisiwe ndiyo kigezo cha kwanza. Mwambie aende kikao kimoja bila kusimulia chochote. Anaruhusiwa.

Suala la mtaa ndilo zito. Kwetu uswahilini mshauri anaweza kuwa shemeji wa mwenye nyumba wako. Uliza faili linawekwa wapi, nani analisoma, na wakikutana sokoni atamsalimia vipi. Na uliza ni wakati gani watalazimika kutoa siri. Kuna wakati huo, mtu akiwa hatarini, na wanatakiwa wawaambie mapema.

Nesi wa Zamu:

Mkongwe, pole sana na asante kwa kusema. Na ni kweli, kumbana mtu asimulie tukio lote kwa mkupuo mmoja bila maandalizi si jambo linaloshauriwa.

Mwali wa Kigamboni:

Swali dogo. Mama yake je? Naona wote tunamwangalia kijana, lakini huyo mama anaamshwa na kelele kila usiku.

Dada wa Tandika:

Jamani nimerudi. Nimepiga simu kituoni, nikaomba kuongea na yule dada mwanasaikolojia kabla ya kuweka miadi. Nilimuuliza maswali yenu karibu yote. Watu wa ajali ameshawahudumia, na amenieleza hatua karibu sawa na alivyoandika Kipanga. Ana msimamizi, daktari wa magonjwa ya akili, wanakutana kila mwezi, na ndiye atakayeangalia suala la vidonge. Yeye hakai Temeke. Faili linafungiwa kabatini, mapokezi wanaona jina na namba tu. Nikamwambia mdogo wangu hataki mwanamke. Hakuchukia. Alisema aje mara moja wafahamiane, akiona hapana atamkabidhi kwa mwenzake wa kiume kituo kingine.

Mdogo wangu nimemsomea maneno ya Mkongwe wa Kijiwe. Alinyamaza sana, akaniuliza "huyo jamaa anaendesha tena?"

Mama naye, Mwali umenizindua. Nimemwekea miadi kwa yule mama nesi, wiki hiyohiyo. Kisomo kimeanza jana nyumbani.

Mkongwe wa Kijiwe:

Mwambie naendesha. Si usiku, na sibebi haraka. Ilichukua karibu mwaka.

Mwali wa Kigamboni:

Siku ya kwanza utaingia naye?

Nesi wa Zamu:

Amsindikize, abaki nje. Mshauri akimhitaji dada atamwita, kwa ridhaa ya kijana. Akitoka asiulizwe wamezungumza nini, wala mama asimuulize. Pakiti ya vidonge waende nayo, na waandike amekunywa vingapi na siku gani, kwa kadiri anavyokumbuka. Na wachague njia ambayo gari halipiti Mtoni.

Dada wa Tandika:

Miadi ni Jumatano asubuhi. Tutapitia Chang'ombe.