Tupeane uzoefu: diski ya seva ya ofisi iliyowahi kukutoa jasho

Mzee_wa_Kebo: Wakuu habari za jioni. Leo mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kanikabidhi diski mbili za TB 4 kwenye mfuko wa khaki, "fundi kaziweke kwenye seva, nimezipata bei chee". Tumbo likanikoroga hapo hapo, nimekumbuka mbali. Wenye yenu tiririkeni.

mtoto_wa_tandika: Nilinunua diski mbili za SAS (aina ya seva) nikidhani ni SATA (aina ya kawaida) maana umbo lile lile. Kwenye bodi zikagoma kuingia, SATA ina mwanya kati ya pini za data na za umeme, SAS pale katikati pamezibwa. SATA unaweza kuichomeka kwenye seva ya SAS ila SAS kwenye bodi ya SATA sahau. Muuzaji akakataa kurudisha hela.

Nuru77: Hapo kwenye kurudisha hela yalinikuta, pole.

fundi_usiku: Ngoja niseme yangu, sijawahi kuyaandika popote. Duka la dawa za jumla Kariakoo, seva ina diski 4, raidi 5 (diski zinagawana data, moja ikifa zingine zinaibeba), zote zimenunuliwa siku moja. Moja ikawaka taa ya chungwa, nikaenda kununua nyingine, GB zilezile, SATA ileile, ila ya kompyuta ya mezani kwa sababu bosi alisema bajeti hakuna. Nikachomeka saa moja jioni, ikaanza kujengewa data upya kutoka kwa wenzake, ilipofika asilimia 61 kontrola, ile kadi inayosimamia diski, ikaitupa nje. Nikaichomoa nikairudisha, ikaanza upya toka sifuri. Bosi kakaa pembeni yangu juu ya kreti la soda, haongei, ananiangalia tu mikono. Saa tisa usiku taa ya pili ikawaka, safari hii ni diski ya zamani, na raidi 5 ikipoteza mbili umekwisha. Bakapu ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Tulikaa usiku 19 tunaingiza upya delivari noti moja moja kutoka nakala za kaboni, zingine maandishi yamefifia mpaka umulike na tochi ya simu. Sikulipwa na sikudai.

Nuru77: Mungu wangu. Bosi alisemaje?

kiboko_ya_raidi: Diski ya mezani ikikuta sekta mbovu (kijisehemu cha kuhifadhia data) inang'ang'ana nayo muda mrefu, kontrola inasubiri sekunde chache inasema hii imekufa. Za seva zinakata tamaa mapema, kama sekunde 7, raidi inachukua data kwa wenzake.

Saidi_wa_Data: Si hivyo, ile diski mpya ilikuwa inaandikwa sio kusomwa. Hiyo ni SMR, aina ya diski ambayo njia za data zimepandana kama bati za paa, ukiandika mfululizo inakwama. 2020 iligundulika hata diski zinazouzwa kama za NAS (kisanduku cha diski cha kwenye mtandao) zingine ni SMR na hawakuandika.

kiboko_ya_raidi: Mkuu hujaiona hiyo diski, unajuaje?

Saidi_wa_Data: Na wewe umeiona?

fundi_usiku: Msigombane, lebo sikuisoma, ndilo kosa langu lenyewe. @Nuru77 bosi alisema "twende tukanywe chai". Mpaka leo ananipigia sikukuu.

wa_luthuli: Huku Nairobi nilinunua SAS za mitumba zilizotoka kwa storage ya kampuni kubwa. Kontrola inaziona lakini inazikataa, kumbe sekta moja ni baiti 520 badala ya 512. Nikazifomati upya na programu ya sg_format, moja moja, masaa na masaa, usizime stima katikati. Ziko kazini mpaka sasa.

mama_seva: Nunueni diski zilizo kwenye orodha ya mtengenezaji wa seva tu, namba ya modeli herufi kwa herufi. Mimi niliweka ya nje ya orodha feni zikanguruma mchana kutwa, wafanyakazi wakahama chumba.

mtoto_wa_tandika: Za kwenye orodha ni bei mara mbili mama, wateja wetu hawawezi. Chukua za seva za kampuni yoyote, ziwe za tarehe tofauti zisife pamoja, moja ibaki akiba kabatini.

kiboko_ya_raidi: Na kontrola za zamani nyingi hazivuki TB 2, kaangalieni hilo kwanza.

Mzee_wa_Kebo: Nimetoka kuzisoma zile za kwenye mfuko kwa tochi. Zote mbili modeli ya mezani, nimeitafuta namba, ni SMR. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa muuzaji na mteja wangu, risiti mkononi. @fundi_usiku ahsante kaka.