"Doe" ni mbuzi gani?

Swali: Wakuu, naomba msaada. Natafsiri mwongozo wa ufugaji wa mbuzi, nimekwama kwenye neno "doe". Kamusi yangu inasema ni paa jike, na humu hakuna paa hata mmoja! Mbaya zaidi, kuna sentensi inayoanza na "Does". Nimeisoma mara tatu nikidhani ni swali, natafuta alama ya kuulizia siioni.

Jibu 1: Mkuu, hiyo "Does" ni wingi wa "doe": mbuzi majike. Maandishi ni yaleyale ya kile kitenzi, matamshi ndiyo tofauti: "doe" hutamkwa kama "dou". Hata sungura jike huitwa hivyo. Kondoo jike usimwingize humo, yeye ni "ewe".

Jibu 2: Naongezea. Utakutana pia na "nanny", ndiye huyohuyo mbuzi jike, ila wafugaji wengi wanapoandika hupendelea "doe", na dume "buck". Angalia sana "doeling": huyo ni jike mchanga. Kiswahili tunaye mtamba, jike ambaye hajazaa, lakini usimbandike kila mahali, maana "doeling" hutaja umri. Mimi huandika "mbuzi jike mchanga", basi.

Muuliza swali: Asanteni sana, ndugu zangu. Sentensi sasa inasomeka: "Mbuzi majike hubeba mimba kwa siku 150 hivi." Narudi ukurasa wa kwanza, maana huko nako niliandika paa.