Mjadala: fedha za maji ziende kwenye bwawa moja kubwa au kuta nyingi za mchanga?

Hoja: Kaunti kame za Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Masika ya 2024 yakaleta mafuriko. Mfuko ni uleule. Tuwekeze wapi: bwawa, au kuta zinazokatiza mito ya msimu ili zinase mchanga unaohifadhi maji ndani yake?

Fundi Ukuta: Mchanga, bila kusita. Katika nyika, jua hunywa karibu mita mbili za kina cha maji ya wazi kila mwaka. Yaliyolala ndani ya mchanga, kina cha sentimita 60 au zaidi, hayaguswi sana. Kitui na Machakos zina kuta hizi kwa mamia, zimekatiza mito ya msimu, hazina lango la kukwama wala mtambo wa kuharibika.

Kikokotoo: Ndugu Fundi, tupige hesabu kwanza. Mto wa upana wa mita 15, mteremko wa mita 1 kwa kila 100, ukuta wa mita 2. Mchanga utarudi nyuma mita 200, na kwa kuwa kina kinapungua hadi sifuri, ujazo wake ni mita za ujazo 3,000 tu, si 6,000. Mchanga mzuri hutoa asilimia 30: maji mita za ujazo 900. Ekari moja ya mboga ikihitaji milimita 5 kwa siku hunywa mita za ujazo 20 kila siku. Siku 45, kwisha! Tusiwauzie wakulima ndoto ya umwagiliaji.

Fundi Ukuta: Hesabu nimeikubali, ila umezisahau kingo: nazo hunywa maji na kuyarudisha polepole. Mto ukishuka masika na vuli, unajaza mara mbili. Na watu 300 kwa lita 20 kila mmoja ni mita za ujazo 6 kwa siku, kwa hiyo 900 zako ni siku 150 za maji ya nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kinachoharibu ni pupa. Mkandarasi anamwaga ukuta wote kwa mkupuo, maji yanatulia nyuma yake, tope linatua, na tope hushika maji lisiyaachie. Inua mdomo wa ukuta sentimita 30 hadi 50 kila msimu. Tope lipite juu, mchanga wa chembe kubwa ubaki. Msingi ufike mwambani. Mabawa, yaani ncha za ukuta, yazame ndani ya kingo, la sivyo mto utapita ubavuni na ukuta ubaki sanamu. Upande wa chini wa mto panga mawe makubwa, maana maji yanayoanguka hapo huchimba msingi.

Mto Chini: Nyote mnaongea mkiwa juu ya mto. Garissa na Tana River je? Bwawa la Masinga kwenye mto Tana, lililoanza kazi 1981, lina nafasi ya mita za ujazo bilioni 1.5 na zaidi. Kuta zenu hazitafikia kiasi hicho hata mkijenga maisha yenu yote. Shida ni kwamba bwawa la umeme linataka kujaa, na la kuzuia mafuriko linataka nafasi tupu. Mwaka 2024 lilijaa, likamwagika, watu wa chini wakahama. Nafasi itengwe kabla ya masika, hata kama megawati zitapungua. Lakini msiyafunge maji yote: Wapokomo hulima kwenye udongo uliolowa mafuriko yakipungua, na Waorma hulisha huko.

Fanya Juu: Bwawa kubwa au dogo, tope linatoka shambani. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 kufuata kontua, yaani mstari wa usawa wa mlima, udongo utupwe upande wa juu, nyasi ya napia ipandwe kwenye tuta. Bila hayo mnajenga madebe ya udongo. Na wachota mchanga? Lori la mita za ujazo 10 linaondoka na nafasi ya lita 3,000. Makueni ilitunga sheria ya mchanga 2015.

Kikokotoo: Mzee Fanya Juu, hapo sina neno. Ila kabla ya zabuni, kipimo cha bei rahisi: jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu wa mto huo, mimina maji hadi juu, toboa chini, pima yanayotoka. Yakiwa lita 5 au 6, jenga. Ikiwa moja, ukuta huo usijengwe hapo. Tafuteni pa kuchimba silanga, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya mvua.