Video ya kutembea barabarani: shoti moja isiyokatwa au kukata? (Unfinished Sympathy na Bitter Sweet Symphony)

kivuli_kirefu (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Nina kazi mbele yangu, wimbo wa taratibu wa dakika 4, mapigo 72 kwa dakika, na msanii kashasema hataki stori wala madansa, anataka atembee tu barabarani huku anaimba. Basi wiki nzima nimekuwa narudia video mbili ambazo ukizisimulia kwa mdomo ni kitu kimoja, mtu anatembea anaimba, ila ukizitazama haziko hata karibu. Ya kwanza Unfinished Sympathy ya Massive Attack, 1991, kaiongoza Baillie Walsh, Shara Nelson anatembea Los Angeles na kamera haikatwi, inarekodi mfululizo mwanzo hadi mwisho, hiyo ndiyo shoti moja. Ya pili Bitter Sweet Symphony ya The Verve, 1997, kaiongoza Walter Stern, Richard Ashcroft anatembea mtaa wa Hoxton kule London anagonga watu mabega, na hiyo imekatwa kotekote, yaani vipande vingi vya picha vimeunganishwa.

Mimi naegemea ya kwanza. Shara hata hajali kamera, mtaa unaendelea na shughuli zake, wanabendi wanatokea nyuma yake wanatembea kidogo halafu wanapotea, na kwa vile hakuna palipokatwa unaanza kuamini kwamba zile dakika ni dakika kweli, yaani huyu dada kabeba maumivu yake umbali wote ule na hakuna aliyemsimamisha. Kata mara moja tu hapo kati, imani yote imeondoka. Naomba maoni, hasa ninyi mnaoediti.

mkasi_wa_usiku
Mkuu ile ya pili umeipitia haraka. Rudi mwanzo kabisa, jamaa kasimama kwenye kona, vayolini zinapiga na yeye hajaondoka, anakuja kuondoka baadaye na akishaondoka hampishi mtu. Video nzima ni kosa moja linarudiwa, na ili kosa lirudiwe bila kuchosha lazima ulikate, leo bega unaliona kwa mbele, kesho kutwa unaliona kwa karibu zaidi.

Halafu kuna pale gari linamzibia njia, anapanda juu ya boneti anashukia upande wa pili, dada mwenye gari anatoka kumfokea. Pale kuna mambo mawili unayataka kwa pamoja, uso wa anayefoka na uso wa asiyegeuka. Kwa kamera moja isiyokatwa mmoja utampata vizuri na mwingine utampata nusu. Kukata ndiko kunakokupa wote wawili.

Na wimbo wako una bahati, mapigo 72 kwenye fremu (picha moja moja za video) 24 kwa sekunde ni fremu 20 kamili kila pigo, hakuna desimali. Ila usikate juu ya pigo lenyewe, mimi natangulia fremu 1 au 2, maana jicho linachukua muda kidogo kuipokea picha mpya na ukikata juu ya pigo mtazamaji anahisi umechelewa.

zumu_na_subira
Mimi ningeanza na lenzi kabla ya kugombania mkasi. Ukichukua lenzi pana, 28mm, ukamsogelea, kila hatua yake inaonekana, kuta za pembeni zinakimbia, mtu anaonekana anakuja kweli. Ukichukua lenzi ndefu, 135mm, ukakaa mbali, anatembea anatembea lakini hafiki, nyuma yake kumebanana, watu wanaonekana wamemgandia mgongoni. Hizo ni hisia mbili tofauti kabisa kabla hujakata chochote. Wimbo wako unasema nini, anaondoka au ameshindwa kuondoka? Kama ameshindwa kuondoka basi lenzi ndefu imeshakufanyia nusu ya kazi.

kivuli_kirefu
@zumu_na_subira ameshindwa kuondoka dada, ubeti wa mwisho anarudia jina la mtu. Swali zuri sana hilo, sikuwa nimelifikiria kwa upande wa lenzi.

mshika_fokasi
Kabla hujaipenda shoti moja sikia hii. Nilishawahi kushika fokasi (kuhakikisha msanii anaonekana mkali muda wote) kwenye shoti moja ya dakika tatu na nusu, tulipiga mara kumi na moja. Ya tisa ilikuwa nzuri mno, msanii alikuwa analia machozi ya kweli, mwanga umekaa, kila mtu amebana pumzi, halafu kwenye kiitikio cha mwisho akasogea mbele kama hatua moja tu ambayo hatukuwa tumeipanga, mimi nikabaki nyuma, sikio lake likawa kali na macho yakawa ukungu. Sekunde nne tu. Hakuna pa kukatia, hakuna shoti nyingine ya kuziba. Ya kumi na ya kumi na moja macho yalikuwa makali lakini machozi yalikuwa yameisha. Wakachukua ya kumi na moja. Mpaka leo nikikutana na hiyo video naangalia pembeni.

Kwa hiyo ukienda na shoti moja funga tundu la lenzi mpaka f/5.6 au zaidi mwanga ukiruhusu, ili eneo kubwa zaidi libaki kali, achana na mambo ya ukungu mzito nyuma, huo mtaa si ndio unaotaka uonekane?

mkasi_wa_usiku
@mshika_fokasi pole sana ndugu. Na hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema, kwenye shoti moja uso na fokasi na wapita njia wote lazima wapatie siku moja dakika moja.

nyayo_laini
Mnabishana kuhusu mkasi na kuna shida hakuna aliyeitaja. Mapigo 72. Mtu mzima akitembea kawaida anapiga hatua kama 110 kwa dakika. Msanii wako akitembea kawaida, miguu inagombana na ngoma dakika zote 4, na ukikata unaweza kuficha kwa klozapu (picha ya karibu ya uso) lakini kwenye shoti moja hakuna pa kuficha. Ukimwambia afuate mapigo 72, anatembea kama yuko kwenye msafara wa mazishi.

Fanya hivi. Siku ya kushuti cheza wimbo kwa kasi ya mara 1.5, unakuwa mapigo 108, yeye anatembea kawaida kabisa hatua moja kila pigo na anaimba kwa kasi hiyo hiyo. Kamera weka fremu 36 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/72. Ukija kuichezesha kwa fremu 24, midomo inarudi kwenye wimbo halisi, hatua zinakuwa 72 juu ya pigo, na nguo na nywele zinaelea kidogo tu, mtazamaji hajui kwa nini lakini anahisi. Coldplay kwenye Yellow, 2000, walifanya zaidi ya hapo, shoti moja ufukweni, fremu 50 na wimbo ukichezwa mara mbili ya kasi, ndiyo maana mvua na koti vina uzito ule wa ndotoni wakati mdomo unaenda sawa na sauti.

Faida nyingine: wimbo wako una mapigo 288, kwa hiyo hatua 288, ukikadiria sentimita 70 kila hatua ni mita 200 hivi. Kwa mwendo wa kawaida bila ujanja huu ungehitaji mita 300 na zaidi za barabara unayoitawala. Na mbebaji wa stedikamu (kifaa kinachovaliwa mwilini ili kamera isitikisike) anayerudi kinyumenyume anabeba kifaa dakika 2 na sekunde 40 badala ya 4, mgongo wake utakushukuru.

mshika_fokasi
@nyayo_laini hii naichukua. Mwimbaji afanye mazoezi na hiyo kasi siku kadhaa kabla, kwa sababu konsonanti zinambana mdomo, akianza kumeza maneno inaonekana.

zumu_na_subira
Kuna njia ya tatu pia. This Is America ya Childish Gambino, 2018, mwongozaji Hiro Murai na mpiga picha Larkin Seiple. Ile ghala, shoti ndefu ndefu, kamera inamfuata anayecheza mbele na vurugu zinatokea nyuma bila kupewa klozapu. Tazama pale mwanzo baada ya Gambino kumpiga mtu risasi ya kwanza, bastola inapokelewa kwenye kitambaa chekundu kwa adabu zote na maiti inaburutwa sakafuni, na kamera haishtuki, inageuka inaendelea na dansi. Wangekata kwenda kwenye maiti wangekuwa wamekuambia huzunika hapa. Hawakukata, wewe mwenyewe ndio unajikuta umeshaacha kuitazama maiti, na inauma zaidi. Kivuli, una chochote cha kuweka nyuma ya msanii wako? Shoti ndefu bila kitu nyuma ni kumtazama mtu tu.

kivuli_kirefu
Hapo umenigusa penyewe. Kwa Shara nyuma kuna mtaa mzima. Mimi nilikuwa nimepanga barabara tupu alfajiri kwa sababu ya mwanga.

mkasi_wa_usiku
Barabara tupu nami nashuka upande wenu, hakuna mabega ya kugonga, nitakata kwenda wapi? Ila weka hata mtu mmoja anayekuja upande wa pili, ampite kwenye ubeti wa mwisho pale jina linapotajwa, na msanii asigeuke.

kivuli_kirefu
Jana jioni nimejaribu kwa simu, rafiki yangu katembea mita 200 wimbo ukiwa kasi ya 1.5, nikashuti kwa fremu 60 kwa sababu simu haina 36 halafu nikaipunguza. Hatua zinaangukia pigo, nimeshangaa. Nikamfanya mama mmoja mwenye kikapu ampite pale kwenye jina. Rafiki yangu hakugeuka lakini mama ndiye aliyegeuka kumwangalia, hatukupanga, na ndiyo fremu ninayoirudia tangu asubuhi. Shoti moja, 85mm kama nitapata nafasi ya kurudi nyuma. @mshika_fokasi kwa 85 kwenye f/5.6, msanii akiwa mita 5, ninaweza kumwachia ajongee kiasi gani?